Kona ya Kijani kwenye Sakafu ya Mwenyekiti

Fundi alikataa katakata kuingia mahabusu bila kuosha brashi zake.

"Zikigandiwa na vanishi zimekufa," alisema, ameikumbatia ndoo yake kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. "Niwekeni ndani, sikatai. Lakini brashi hazijaiba kitu."

Koplo wa zamu akageuka kumtazama Sajini. Sajini, mwanamke asiye na haraka, alikuwa mezani kwake anakoroga chai. Sukari ilikwisha kuyeyuka zamani, lakini yeye alikuwa bado anakoroga, kling, kling, kling. Ndiyo maana kituo kizima kilimwita Sajini Kijiko, wadogo nyuma ya mgongo na Mkuu wa kituo mbele ya uso.

"Twende bombani," Sajini akasema, na kikombe chake akakibeba.

Fundi huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili. Asubuhi hiyo walimkuta amepiga magoti kibarazani kwa watu, anapaka. Kosa aliloshtakiwa lilikuwa hili: kombe la ligi ya mtaa, la shaba, lililosuguliwa miaka nenda rudi mpaka watoto wakadhani ni dhahabu, lilikuwa limetoweka sebuleni kwa Mwenyekiti wa ligi. Na sebule hiyo ilikuwa mikononi mwa Fundi peke yake, anaitia rangi sakafu ya saruji na kuipaka vanishi.

Pale bombani Fundi akafungua maji, akaanza kuzichambua brashi kwa vidole, unywele kwa unywele. Halafu akatazama chini, akakunja uso.

"Afande, na hili doa la kijani kwenye saruji mnalifuga la nini?"

"Bomba la shaba hilo, linavuja. Maji yakidondoka siku zote panakuwa hivyo."

"Sakafu ya serikali inatia aibu. Mkiniachia nitakuja kuwasugulia bure."

"Tukikuachia," Sajini akasema.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza Fundi alipoishiwa na utani. Akafunga bomba. "Afande, Jumatatu naanza sakafu ya wodi ya wazazi pale zahanati. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Muuguzi mkuu akisikia nimelala hapa kwa wizi, kazi anampa yule jamaa anayepaka vanishi kwa fagio. Na baada ya hapo nani tena atanifungulia mlango wa sebule yake?"

Sajini akaenda zake kwa Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa amekwisha fungua kalamu.

"Kijiko, kesi hiyo imejiisha yenyewe. Chumba kimoja, mtu mmoja, kombe halipo. Chukua maelezo tumpeleke mahakamani."

"Nipe mpaka jioni, afande. Hata sakafu yenyewe sijaiona."

"Sakafu itakwambia nini?"

"Ndiyo nakwenda kuiuliza."

*

Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa imetapika vitu vyote vya sebuleni kwenye baraza: makochi mgongo kwa mgongo, meza miguu juu, friji, zulia lililokunjwa, picha za harusi zimeegemea ukuta. Katikati ya hayo lilikaa ngoma kubwa la mashabiki, lile linalopigwa siku za mechi. Kijana mrefu mwenye filimbi shingoni alikuwa ameinua mkono alipige kofi.

"Usiliguse!" Mwenyekiti akaruka kutoka kwenye kiti. "Nimekwambia ngozi imelegea! Litapasuka!"

"Haya shemeji, haya. Kwani ngoma limekuwa yai?"

Kijana huyo alikuwa kocha wa timu ya mtaa, mdogo wake mke wa Mwenyekiti. Alipomwona Sajini akaamkia vizuri, "Shikamoo afande," akaitikiwa. Mwenyekiti naye akaja kumpokea mgeni. Alikuwa mtu wa makamo, tumbo mbele, mkono wa kushoto ameutoa kusalimia na wa kulia ameuficha mfukoni. Sajini akatazama ule mkono wa kushoto uliomjia, akaushika hivyohivyo.

"Samahani afande, huu wa kulia nimejikata vidole."

"Pole sana."

Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyetoka ndani kama upepo. "Dada karibu! Karibu sana, na afadhali umekuja, maana..." Akamwona Fundi nyuma ya Sajini, na ndoo yake. "Hee! Mwizi unanirudishia nyumbani?"

"Mama, nimekuja kuiona sakafu yangu," Fundi akasema. "Mmeishaikanyaga na viatu?"

"Nani aikanyage na viatu! Soksi tu, kama ulivyosema!"

"Basi Mungu akubariki, hata kama umenipeleka polisi."

Wakavua viatu, wakaingia.

Sajini alikuwa ameona sakafu nyingi katika kazi yake, nyingine kwa sababu mtu alikuwa amelala juu yake. Lakini hii ilimsimamisha mlangoni. Saruji ile ile ya kijivu iliyo kwenye kila nyumba ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, hapa imekolea, hapa imefifia, ikatembeatembea kama ngozi ya mnyama, na juu yake vanishi inang'aa mpaka nondo za dirisha zinaonekana chini kama ziko majini. Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta wa mwisho ulikuwa na rafu iliyojengewa humohumo ukutani, na rafu ilikuwa tupu pia.

"Nieleze ulivyofanya," Sajini akamwambia Fundi. "Taratibu. Mimi sina haraka."

Fundi akaeleza kwa raha, maana ni mtu aliyependa kuulizwa. Kwanza walitoa vitu vyote. Kombe peke yake Mwenyekiti alikataa lisitoke, akasema kombe halikai nje na makochi. Basi yeye akaifunika rafu nzima kwa nailoni, akabandika kingo kwa selotepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi. Halafu akaisugua sakafu kwa sabuni, akakwangua nta ya zamani, kwa sababu penye nta au mafuta dawa haishiki. Ikakauka. Kesho yake akatia dawa ya rangi.

"Dawa hiyo si rangi ya kupaka juu, afande. Ina asidi. Inaumana na saruji, inachemka, inatoa povu dogodogo, halafu rangi inatoka humohumo ndani ya saruji. Unaiacha iile saruji mpaka ishibe, unakuja na maji ya magadi soda kuituliza, unafuta, unasuuza tena na tena mpaka kitambaa kitoke cheupe. Siku ya pili yake ndiyo vanishi, mkono mwembamba, ikauke, na mkono mwingine. Unaanzia ukuta wa mbali, unarudi kinyumenyume mpaka unatokea mlangoni na makalio."

"Kama hivyo," alisema Kocha kutoka mlangoni, akaonyesha, na dada yake akamfukuza na kanga.

Sajini aliomba maji kwenye bilauri. Akayadondosha sakafuni huku na huku. Kila tone lilisimama juu ya vanishi, likawa duara kama ushanga, halikunywewa.

"Mahali pote pana vanishi?"

"Mahali pote!"

Basi Sajini akafanya jambo lililomshangaza mwenye nyumba. Alijilaza kifudifudi, kofia yake ya polisi kando, akawasha tochi akaimulika sakafu kwa ubavu, shavu lake karibu liguse chini. Akasogea, akamulika. Akasogea tena, anajikokota kwa tumbo kama mtoto anayeanza kutambaa.

"Afande amepatwa na nini?" Mwenyekiti akauliza mlangoni.

"Anatafuta nyayo," Fundi akajibu kwa fahari. "Hapati. Vanishi mbichi ukiikanyaga, hata kwa kidole, inabaki na kovu."

Kweli hapakuwa na kovu hata moja. Sajini akainuka, akajipangusa.

"Kwa hiyo baada ya vanishi hakuna aliyeifikia rafu. Kombe lilitoka kabla."

"Na kabla ya hapo humu ndani alikuwamo nani?" mke wa Mwenyekiti akauliza, mikono kiunoni. "Si huyu huyu?"

Fundi akaona hesabu inamrudia mwenyewe.

*

"Nailoni iko wapi?" Sajini akauliza.

Mke wa Mwenyekiti alikuwa ameihifadhi. Ndiye aliyeivuta kwa mkono wake mwenyewe jana, sakafu ilipokubali soksi, ili alifute kombe vumbi kabla ya fainali ya Jumamosi. Alikuta patupu. Yowe alilolipiga, majirani walidhani nyumba inaungua, na kabla mume wake hajatoka bafuni yeye alikuwa amekwisha piga simu polisi.

"Kabla hajatoka bafuni," Sajini akarudia.

"Mimi sichelewi, dada."

Sajini akaisimamisha meza ya barazani, akaitandaza nailoni juu yake. Pande tatu zilikuwa na selotepu ya karatasi, imebandikwa sawasawa kama pindo la shuka. Upande wa chini ulikuwa na selotepu nyeusi ya mafundi umeme, imekwenda upogo.

"Hii si yangu," Fundi akasema papo hapo. "Hii nyeusi sijawahi kuitumia. Inaacha gundi."

"Naijua!" Mke wa Mwenyekiti alipiga makofi. "Hiyo ni ya mdogo wangu! Anafungia soksi za wachezaji wake. Wewe, njoo hapa!"

Kocha akaja, na alipogeuka kukaa, wote wakaona: kwenye makalio ya suruali yake ya michezo kulikuwa na doa la rangi ya kahawa, pana kama sahani.

"Ehe," Sajini akasema, akatoa kijiko mfukoni akaanza kukigonga taratibu kwenye kiganja. "Timu yako ilitolewa nusu fainali."

"Kwa penalti ya uongo, afande. Hilo liandikwe."

"Ukasema mbele za watu kwamba kombe hilo halitanyanyuliwa na mtu."

"Nilisema kwa hasira! Hata refa nilimwambia nitamla mzima mzima, na mbona jana nimemwona anakula chipsi?"

"Na doa hilo?"

Kocha akajipapasa nyuma, akajiangalia begani kama mtu anayetafuta mkia. "Hili? Nilikalia ndoo ya Fundi. Ilikuwa imepinduliwa barazani, mimi nikadhani kigoda."

"Ni kweli," Fundi akasema. "Nilimfukuza kwa brashi."

"Selotepu je?"

"Selotepu ni yangu, sikatai. Lakini mimi sikuwa nayo. Shemeji aliiazima kwangu siku ile Fundi anatia dawa. Alisema amejikata."

Nyuso zote zikamgeukia Mwenyekiti. Yeye akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua juu kama mtu anayeapa. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa, selotepu nyeusi.

"Nilijikata na wembe," akasema. "Nikaiacha selotepu hapo dirishani. Mtu yeyote angeweza kuichukua."

"Mtu yeyote," Sajini akakubali kwa upole. "Mama, ungetusaidia na chai, tungeshukuru."

*

Wenye nyumba walipotawanyika, Sajini alirudi sebuleni na soksi zake, akachuchumaa chini ya rafu. Hapo kwenye kona, kahawa ya sakafu ilibadilika. Palikuwa na kipande, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, kilichokuwa na ukijani ndani yake, kama jani lililozama kwenye maji ya chai. Si kibaya. Kizuri hasa.

"Fundi, ulinunua dawa ya rangi ngapi?"

"Moja. Ya kahawa."

"Na huu ukijani?"

"Mafuta. Hapo palikuwa na kabati, kabati huvuja mafuta ya bawaba, afande, dawa ikikutana na mafuta..."

"Ulisema penye mafuta dawa haishiki kabisa."

Fundi akajishughulisha na kilemba chake.

"Hapa hakuna aliyekufa," Sajini akamwambia. "Ila kuna mtu atakosa kazi ya wodi kama hatasema. Kona hii uliipaka wewe?"

Fundi akatazama mlangoni, akashusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa mnong'ono wa mtu wa kawaida. "Sijui."

"Hujui?"

"Siku ile nilianza upande wa dirishani. Katikati ya kazi nikatoka kula, na kopo langu la plastiki nikatoka nalo kuliosha. Niliporudi, kona hii nikaikuta imelowa, inatoa povu. Nikajiambia, kumbe nilishaianza. Nikaendelea. Jioni ndipo nikaona ukijani. Sasa afande, fundi asiyekumbuka alipofikia, nani atamwita tena? Nikanyamaza. Nikaituliza kwa magadi, nikaipaka vanishi kama penginepo."

"Hukusahau," Sajini akasema. "Kuna mtu alikusaidia."

Chai ilikuja na malalamiko. Mke wa Mwenyekiti alikuwa anataka kupika vitumbua vya wageni wa Jumamosi, na kopo lake la magadi soda la jikoni, alilolinunua juzijuzi likiwa limejaa, lilikuwa tupu kabisa.

"Fundi alichukua?" Sajini akauliza.

"Mimi nilikuja na mfuko wangu!" Fundi akasema.

"Panya hao," Mwenyekiti akasema, akapuliza chai yake.

"Panya wanakula magadi soda?"

"Labda wana kiungulia, dada," Kocha akasema, na Sajini mwenyewe akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini.

Kisha akakiweka kikombe chini. Aliomba dawa ya rangi iliyobaki, vifuniko viwili vya plastiki, tofali moja la saruji kutoka uani, na kitu chochote cha shaba ambacho nyumba haikihitaji tena. Mke wa Mwenyekiti akaleta kufuli kuukuu lililopotelewa na ufunguo. Fundi akavaa glavu zake, akamimina dawa kidogo kwenye kila kifuniko. Sajini akalitumbukiza kufuli kwenye kimoja.

"Sasa tunywe chai," akasema.

Mwenyekiti akasimama. "Mimi naomba radhi, nina kikao cha ligi."

"Kikao ndicho hiki, Mwenyekiti. Keti."

Walikunywa chai ya kwanza. Wakaongezewa. Kocha akaeleza ile penalti tangu mwanzo, na dada yake akamwambia kwamba hata mama yao marehemu angeipigia filimbi. Ndani ya kifuniko, kufuli lilikuwa linapoteza mng'ao, linageuka wekundu kama ulimi. Mwenyekiti hakuitazama ile meza hata mara moja. Alitazama ngoma.

Hatimaye Sajini akamwambia Fundi apake: dawa ya kifuniko kitupu upande huu wa tofali, dawa ya kifuniko chenye kufuli upande ule. Tofali likachemka kidogo pande zote mbili. Wakaliweka juani, wakaliacha lishibe, wakalisuuza.

Upande mmoja ulikuwa kahawa. Upande wa pili ulikuwa kahawa yenye ukijani.

"Lo!" Fundi akalishika tofali, akaligeuza, akalinusa. "Ndiyo ile! Ndiyo kona yangu!"

"Pale kituoni bomba la shaba linavuja, na saruji chini yake imekuwa ya kijani kwa maji matupu," Sajini akasema. "Nikajiuliza, ikiwa maji tu yanafanya hivyo, asidi je? Dawa iliyopakwa kwenye kona ile ilikaa kwanza ndani ya chombo cha shaba. Fundi anatumia plastiki, na kopo lake alikuwa nalo nje analiosha. Na humo sebuleni siku ile kulikuwa na chombo kimoja tu cha shaba."

Kocha akaishika filimbi yake.

"Kombe!"

"Nani mwendawazimu achanganye dawa ya sakafu kwenye kombe?" mke wa Mwenyekiti akauliza.

"Mtu aliyemsikia Fundi akisema magadi soda yanatuliza asidi, akaenda kulimwagia kopo zima la jikoni," Sajini akasema. "Mtu aliyeinyanyua nailoni kwa chini, akairudishia kwa selotepu aliyoazima. Mwenyekiti, tuonyeshe kidonda chako."

"Kidonda bado kibichi, afande, kikipigwa na upepo..."

Mke wake hakungoja. Alimshika mkono, akaivuta selotepu kwa mkupuo mmoja, kitambaa kikafuata. Vidole vilikuwa vizima kabisa, havina hata mkwaruzo, na kahawa tupu mpaka kwenye kucha.

"Mke wangu," Mwenyekiti akasema, "kaa kwanza."

"Nimekaa!"

"Basi... basi subiri." Akajifuta jasho. "Nilitaka kona moja tu. Moja! Wageni wakija Jumamosi wakiisifu sakafu, niseme, ile pale nimepaka kwa mkono wangu. Nikaona Fundi anakula. Galoni zito, halina pa kushika vizuri, na kopo lake ametoka nalo. Nikatafuta chombo chenye mpini. Na kombe lina mipini miwili."

Kocha akaangukia zulia lililokunjwa, akaficha uso humo, mabega yanatikisika.

"Likaanza kutokota mkononi mwangu kama uji. Nikamwaga, nikapaka harakaharaka. Kutazama ndani, jekundu! Nikalimwagia magadi, likafura kama sabuni, lakini halikurudi. Nikasema nitalisugua kidogo kidogo, likipona nalirudisha, hakuna atakayejua. Tangu siku ile nalisugua kwa majivu, mwenyewe, huko nyuma. Halafu wewe ukapiga yowe, na simu, nikiwa bafuni! Nikatoka nakuta polisi wameshaitwa."

Sajini akainuka. Alikitoa kile kijiko chake, akapita kati ya makochi, anagonga: kling kwenye friji, ko kwenye meza, na alipofika kwenye ngoma la mashabiki akaligonga ubavuni. Ndani mlilia kitu, kama kabati la vyombo linalosukumwa.

"Ngozi imelegea," akasema Kocha kutoka ndani ya zulia.

Upande wa chini wa ngoma ngozi ilikuwa imefunguliwa na kushikizwa tena kwa selotepu nyeusi. Mke wa Mwenyekiti akaingiza mkono mpaka begani, akatoka nalo kombe. Nje lilikuwa lile lile, linang'aa vizuri. Ndani lilikuwa jekundu kama koo la mtu anayepiga mwayo, na kwenye mdomo limepata ukingo wa kijani.

Kila mtu alicheka isipokuwa wawili. Fundi alikuwa ameketi, ndoo mapajani. Na Sajini, aliyekuwa anamtazama Mwenyekiti.

"Asubuhi hii huyu mama alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo," Sajini akasema. "Nawe ulikuwa hapa, unajua."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Nilidhani mkikosa ushahidi mtamwachia tu."

"Na Jumatatu yake je? Wodi ya zahanati?"

Mke wake ndiye aliyejibu: "Simu. Sasa hivi. Na uweke spika."

Muuguzi mkuu alipokea akiwa na shughuli. Sauti za watoto wachanga zilisikika nyuma yake. Ndiyo, alikuwa amesikia. Mtaa mzima umesikia. Alikuwa hivi sasa anatafuta namba ya yule fundi mwingine.

"Yule wa fagio," Fundi akanong'ona, akafumba macho.

"Dada, usimtafute," Mwenyekiti akasema. "Kulikuwa na hitilafu kidogo hapa nyumbani, kombe limeonekana..."

Sajini akatikisa kichwa. Mke akamsogezea simu karibu na mdomo.

Basi Mwenyekiti akasema yote. Kona, galoni, mipini miwili, povu, magadi soda, ngoma. Alipofika kwenye selotepu, upande wa pili wa simu kulikuwa kumekwisha kuwa na watu zaidi ya mmoja, na walikuwa wanacheka mpaka watoto wachanga wakanyamaza kusikiliza.

"Mwambie Fundi Jumatatu nampokea mimi mwenyewe mlangoni," muuguzi mkuu akasema alipopata pumzi. "Na wewe Mwenyekiti, siku ukija kuona wagonjwa, kombe lako uliache nyumbani."

Fundi akaiweka ndoo chini. Alishusha pumzi ndefu, kilemba kikalegea, na ile sauti yake ikarudi mahali pake. "Afande, doa lenu la kituoni nalisugua leo leo!"

"Ukilisugua ushahidi wangu utapotea," Sajini akasema, akavaa kofia yake. "Liache."

Mwenyekiti akajaribu kujikosha. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ile kona ataigharamia ikwanguliwe, ipakwe kahawa kama penginepo, asiache doa la aibu kwenye kazi ya mtu.

"Nani aikwangue?" mke wake akamkatiza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule na soksi zake, kombe kwapani, anaitazama kona iliyoanza kupata jua la alasiri. "Mimi tangu siku ya kwanza naipenda ile kuliko kote. Fundi, nataka sebule nzima iwe hivi."

Fundi akaja akasimama kando yake. Akaipima sebule kwa macho, ukuta mpaka ukuta, kisha akalitazama kombe.

"Inawezekana, mama," akasema. "Ila Mwenyekiti atabidi aitishe ligi nyingine kumi, maana kombe moja halitoshi."